Nilimwambia "jikaze" akiwa ameumia kichwa. Sasa nataka kusaidia watoto wengine, nianzie wapi?

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni baba wa binti wa miaka 16, kipa wa timu ya soka ya shuleni kwao. Mwaka jana kwenye nusu fainali alitoka golini kuufuata mpira wa juu, na goti la mshambuliaji likampata pembeni mwa kichwa, juu kidogo ya sikio. Alilala chini kama sekunde kumi. Kisha akainuka, akaivaa tena glavu iliyomchomoka, akanyoosha dole gumba. Uwanja mzima ulimpigia makofi, nami nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Nakumbuka nilipaza sauti: "Jikaze, kipa wangu!"

Dakika chache baadaye aliurusha mpira moja kwa moja miguuni kwa mpinzani. Tukadhani ni haraka tu. Timu ikashinda, akabebwa juu juu.

Kumbe kichwa kilikuwa kinamuuma tangu pale. Hakumwambia mtu. Alienda mazoezini siku mbili zaidi akiwa hivyo hivyo. Mama yake ndiye aliyegundua, siku ya tisa. Aliingia chumbani akamkuta ameketi ameupa dirisha mgongo, daftari amelikunja upande wa kivuli, anasoma mstari mmoja na kuurudia. Alipoulizwa akaanza kulia. Daktari akasema ni mtikisiko wa ubongo. Skani haikuonyesha chochote, nami kwa ujinga wangu nikafurahi nikidhani yamekwisha.

Alikaa wiki saba bila kucheza, nyingi kati ya hizo bila kwenda shule ipasavyo. Fainali ikachezwa bila yeye, golini akasimama binti wa kidato cha chini yake, akafanya vizuri. Wenzake wiki ya kwanza walikuja, ya pili walituma ujumbe, ya tatu kimya. Usiku mmoja akamwambia mdogo wake wa miaka 11: "Bora nisingekuwepo." Mdogo wake akaja kutuamsha. Tulimpeleka kwa mwanasaikolojia, na namshukuru Mungu sasa anacheka, anasoma, na ameanza kukimbia asubuhi.

Baada ya hapo sisi wazazi wa timu tukaanza kuchangishana ili jambo kama hili lisimpate mtoto mwingine. Fedha zimepatikana kiasi cha kutosha kuanza, lakini hatuelewani. Wapo wanaotaka tuwanunulie watoto kofia za kukinga kichwa. Wapo wanaotaka tamasha kubwa la michezo, na fulana zenye jina na picha ya binti yangu. Mzazi mmoja anasema mambo ya akili tuyaache kabisa, tukiyachanganya na kuumia kichwa watu wataona watoto wetu wamechanganyikiwa. Kocha naye anahisi tunamnyooshea kidole, hata salamu imekuwa ya shida. Binti mwenyewe ameniambia neno moja tu: "Baba, usiniweke kwenye fulana."

Na juu ya yote anataka kurudi golini. Mama yake hataki kusikia. Naomba unielekeze. Fedha hizi tuzitumieje? Nimsikilize nani? Glavu zake bado ziko chini ya godoro, alizificha mwenyewe.

Baba wa Kipa

Marahaba, baba.

Kabla sijagusa fedha, tumzungumzie binti, na kabla ya binti, mdogo wake. Mtoto wa miaka 11 aliyesikia maneno yale usiku, akatoka kitandani kuja kuwaamsha, alifanya kazi ya mtu mzima. Je, kuna aliyemshukuru? Kaa naye. Mwambie alifanya sawasawa, na kwamba si jukumu lake kumlinda dada yake usiku. Watoto wa namna hii hubaki wakisikiliza mlango wa chumba cha pili kwa miezi mingi bila mtu kujua.

Kwa binti, msiache kumwona mwanasaikolojia kwa sababu tu amecheka. Maliza ratiba mliyopewa. Na wewe baba mtu, muulize kwa maneno ya wazi: "Ulipomwambia mdogo wako vile, ulikuwa unafikiria kufa? Wazo hilo bado huja?" Wazazi wengi huogopa kwamba ukiuliza utamtia wazo. Humtii. Ukiuliza kwa utulivu unampa mahali pa kulitua. Siku yoyote akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa na vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na apelekwe kwa wataalamu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa nikwambie jambo langu. Nilifundisha michezo shuleni kwa miaka mingi. Siku moja mchezaji wangu aligongana na mwenzake kichwa kwa kichwa, akainuka, akanijia pembeni mwa uwanja na kuniuliza, "Mwalimu, tunashambulia goli lipi?" Nilicheka. Nikamwonyesha kwa kidole, akarudi kucheza. Muhula ule alama zake zilianguka, akawa mkali kwa wenzake, mwishowe akaacha mpira. Mimi nilimwandikia kwenye ripoti kwamba amekosa bidii. Ilinichukua miaka kuunganisha lile swali lake na ile ripoti yangu. Kwa hiyo usidhani nakujibu nikiwa juu ya kiti. Wewe ulisema "jikaze", mimi nilinyoosha kidole, na sote wawili tulimpenda mtoto.

Tuseme wazi kilichompata binti, kwa sababu kamati isiyoelewa hili itapoteza fedha zake. Kichwa kikipigwa, au hata mwili ukisukumwa kwa nguvu kiasi cha kichwa kurushwa, ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Chembe zake huvurugika na kuhitaji nishati nyingi ili zirudi sawa, wakati huo huo damu inayoleta nishati hiyo imepungua. Hakuna kilichopasuka wala kuvuja, ndiyo maana skani huwa safi. Skani inatafuta mvunjiko na damu, haioni ubongo uliochoka. Na kuzirai si lazima. Katika watu kumi wanaopata mtikisiko, hata mmoja kamili hazirai. Yule anayesubiri mtoto aanguke apoteze fahamu ndipo amtoe uwanjani, anawakosa karibu wote.

Ule mpira aliourusha miguuni kwa mpinzani ndiyo ilikuwa dalili. Wengine huuliza matokeo mara mbili, wengine husahau mpango wa kona waliofanya mazoezi juzi, wengine hujishika kichwa, hupepesuka, hukodoa macho bila kuona. Baadaye huja kichwa kuuma, kichefuchefu, mwanga na kelele kuwa adui, usingizi kuharibika, kusoma mstari mmoja mara nne. Na katika orodha hiyo hiyo ya madaktari, si pembeni yake, kuna huzuni, hasira za ghafla na wasiwasi.

Yule mzazi anayetaka mambo ya akili yaachwe nje apewe jibu hilo. Hatuchanganyi sisi, vilikuja pamoja. Ubongo ule ule uliopigwa ndio unaobeba moyo wa mtoto, furaha yake na uvumilivu wake. Kisha juu ya dalili hizo tunamwondolea kila kilichokuwa kinamshikilia: mazoezi, marafiki, jezi, ratiba ya siku, sifa za watu. Mtu akivunjika mguu, plasta inaonekana, wenzake wanaiandika majina yao. Aliyepata mtikisiko anaonekana mzima. Anaambiwa "mbona hujambo", anaanza kujishuku kwamba labda ni mvivu kweli. Binti yako alikaa wiki saba ndani ya hali hiyo. Huzuni yake ilikuwa na mahali ilikotoka.

Jambo ninalotaka kamati yako ilishike kuliko yote ni hili: kwa nini alificha? Tuna methali isemayo mficha maradhi kilio humuumbua. Nimeitumia sana kwa wanafunzi, na siku hizi naiona inamwonea mtoto, kwa sababu inamlaumu anayeficha na haimuulizi aliyemfundisha kuficha. Binti yako alifanya hesabu sahihi kabisa kwa uwanja aliokuwemo. Akinyoosha dole gumba, makofi. Akisema kichwa kinauma, anapoteza namba. Na kweli, angalia, aliposema alipoteza namba! Kila mchezaji wa timu ile aliliona hilo na kuliweka moyoni. Mwingine akigongwa kesho, atanyoosha dole gumba.

Mjini Ottawa, Kanada, mwaka 2013, alikuwepo msichana wa miaka 17, Rowan Stringer, nahodha wa timu ya raga ya shule yake. Aligongwa kichwa zaidi ya mara moja katika muda usiozidi wiki. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa amewaandikia marafiki kuhusu kichwa chake, na alikuwa ametafuta habari za mtikisiko kwenye intaneti. Alijua jina la ugonjwa wake. Hakuwaambia wazazi wala makocha, akacheza tena, akagongwa tena, akafariki. Jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake mwaka 2018. Ninapoifikiria habari hiyo, kinachonikaa rohoni ni kule kutafuta kwake kwenye intaneti. Elimu alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu mzima wa kumwondolea ule uamuzi mikononi.

Kwa hiyo mabango ya "Jua Dalili" peke yake hayatoshi, ingawa yana nafasi yake. Fedha zenu zifanye kazi moja: kumfanya mtoto asipate hasara akisema ukweli.

Kuna mfano mzuri Marekani. Mwaka 2006 katika jimbo la Washington, mvulana wa miaka 13, Zackery Lystedt, aliumia kichwa kabla ya mapumziko kwenye mpira wa Kimarekani, akarudishwa kipindi cha pili, akaanguka baada ya mchezo. Alipasuliwa, akaishi, lakini akaanza upya kujifunza kusema na kutembea. Sheria ya jimbo yenye jina lake ikapita mwaka 2009, na kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za aina hiyo. Kiini chake ni mambo matatu. Kila mwaka mzazi na mchezaji wanasoma maelezo na kutia saini. Anayeshukiwa tu kuwa na mtikisiko anatolewa uwanjani papo hapo. Na harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike ruhusa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomwuliza mtoto, "Unajisikiaje, unaweza kuendelea?" Ukimwuliza mchezaji swali hilo katikati ya nusu fainali, jibu lake unalijua.

Pigeni hatua hizo hizo shuleni kwenu, hata kama hakuna sheria inayowalazimisha. Zungumzeni na uongozi wa shule ziandikwe ukurasa mmoja. Halafu ongezeni la nne, ambalo ni langu mwenyewe na nalililia: mchezaji anayetolewa au kujitoa kwa ajili ya kichwa, namba yake inabaki yake mpaka daktari amruhusu na apewe nafasi ya haki kuirudisha. Kocha alitamke mbele ya timu nzima, siku ya kwanza ya msimu. Halina gharama yoyote, lakini bila hilo mengine yote ni karatasi.

Fedha basi ziende wapi? Kwanza kwa mtu. Kila mechi awepo mmoja pembeni mwa uwanja asiyehesabu magoli, aliyefunzwa kutambua dalili, na mwenye mamlaka ya kumtoa mchezaji bila kuomba ruhusa ya kocha. Akiwa muuguzi au mtaalamu wa tiba ya viungo, vyema. Akiwa mzazi aliyefunzwa pia anafaa, kwa sababu kazi yake si kupima ugonjwa, ni kushuku na kumtoa. Ipo kadi ya kurasa chache iliyotengenezwa na wataalamu wa kimataifa wa mtikisiko michezoni kwa ajili ya watu wasio madaktari, iliyosahihishwa upya baada ya mkutano wao wa Amsterdam wa 2022. Iwekwe mfukoni mwa kila refa, mwalimu na nahodha. Na izungushiwe wino mwekundu sehemu ya hatari: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika tena na tena, degedege, shingo kuuma, kuona vitu viwili viwili, maneno kukwama, mkono au mguu kulegea, usingizi usioamshika. Hapo haitafutwi kamati, linatafutwa gari la wagonjwa.

Pili, kwa matibabu ya mtoto ambaye wazazi wake hawana. Si kila baba ataweza kulipia daktari na mwanasaikolojia kama ulivyoweza wewe. Mtoto wa mzazi asiye na kitu ana sababu moja zaidi ya kuficha, kwamba kusema kwake kutakuwa mzigo nyumbani. Wekeni mfuko mdogo wa kulipia uchunguzi wa kwanza na vikao kadhaa vya ushauri nasaha, utolewe kimya kimya, majina yajulikane na watu wawili tu. Taarifa ya mapato na matumizi bandikeni waziwazi kila muhula, hadi senti ya mwisho. Majina ya watoto, kamwe. Na ushauri nasaha wenyewe waachieni waliosomea. Wazazi wenye nia njema wakianza kuwahoji watoto wa wenzao kuhusu huzuni zao, mtaharibu.

Tatu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa zile wiki za nyumbani. Ulivyoandika, "wiki ya kwanza walikuja, ya pili walituma ujumbe, ya tatu kimya", nilisimama nikaenda dirishani. Mradi wa hisani unaweza kuwa kitu kidogo hivi: ratiba ya wachezaji wawili wawili, kila wiki zamu yao, wanaokwenda kumwona mwenzao kwa nusu saa, mchana, wakati mzazi yupo, bila simu, bila kelele, bila kuuliza "unarudi lini". Wakae tu. Waeleze nani kakata nywele vibaya. Zile siku mbili za mwanzo apumzike na simu iwekwe kando, lakini baada ya hapo kumfungia gizani hakumsaidii. Wataalamu sasa wanashauri matembezi mepesi mapema, ndani ya kiwango kisichozidisha dalili. Basi wale wawili watembee naye kidogo. Mwalimu wa darasa naye aombwe ampunguzie kazi na kumwongezea muda wa mitihani, maana anarudi kwanza darasani kikamilifu ndipo arudi uwanjani. Akipona kiasi, apewe kazi kwenye benchi: ahesabu pasi, amtazame kipa mdogo. Awe na sababu ya kufika.

Kofia sasa. Najua waliozipendekeza wanataka kitu cha kushikika. Lakini kofia huzuia ngozi kuchanika na fuvu kuvunjika. Ubongo unaendelea kusogea ndani. Kwa soka, zile za sponji hazijathibitika kuzuia mtikisiko, na mtoto aliyevaa hujiona salama akajirusha zaidi. Msizinunue. Mkitaka kinga ya kweli, mlipieni kocha mafunzo ya mazoezi ya kuimarisha shingo na mwili, na muwabane marefa juu ya madhambi ya kipa kugongwa angani.

Tamasha si baya, mradi liwe na kazi ya kufanya. Siku hiyo kila mzazi atie saini ule ukurasa, na kila mchezaji achaguliwe mwenzi wake wa mechi, yaani mtu anayemtazama yeye na mwenye ruhusa ya kunyoosha mkono akiona mwenzake amebadilika. Wachezaji huonana kabla ya sisi kuona. Beki wa kati wa timu ya binti yako, nakuhakikishia, aliuona ule mpira ukirushwa kombo akashangaa. Hakuwa na mahali pa kuupeleka mshangao wake.

Jina na picha: hapana. Amesema mwenyewe na amesema wazi. Rowan jina lake liko kwenye sheria kwa uamuzi wa waliobaki nyuma. Binti yako yupo, ana sauti, na ameitumia. Fikiria tena ukubwa wa jambo hili: mtoto aliyeficha maumivu siku tisa kwa kuogopa watu, leo anakutazama machoni na kukataa kitu. Ukimpuuza sasa, utakuwa umemfundisha kwamba kusema hakuna faida. Muulize badala yake kama angependa kuwa na neno kwenye zile kadi, au kuchagua wale wa zamu. Akikataa hayo pia, aachwe.

Kocha mwendee wewe, peke yako, si kamati. Usianze na yeye, anza na nafsi yako. Mwambie ulipaza sauti gani siku ile. Nina hakika analala na ile nusu fainali kila usiku kama mimi ninavyolala na lile goli nililolionyesha kwa kidole. Akishajua hamumtafutii hukumu, ndiye atakayekuwa mtetezi wenu mkubwa, kwa sababu ile ahadi ya namba haiwezi kutoka kinywani mwa mtu mwingine. Kuna hoja mpe, makocha huielewa upesi: utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2016, wa wanamichezo vijana 69, uliona kwamba walioendelea kucheza baada ya kuumia walichukua wastani wa siku 44 kupona, na waliotolewa mara moja siku 22. Anayetolewa leo anarudi mapema.

Mwisho, golini. Wewe na mama yake msiamue hili kwa kura ya nyumbani. Mpelekeni kwa daktari anayejua mtikisiko, aseme. Akiruhusu, kurudi kuna ngazi zake: mbio nyepesi, kisha mazoezi yake peke yake, kisha mazoezi na wenzake bila kugusana, kisha mazoezi kamili, ndipo mechi. Kila ngazi saa 24 kwa uchache, na dalili ikirudi anashuka. Kwa kipa ningependa mipira ya juu iwe ya mwisho kabisa. Mama yake naye asikilizwe, maana ndiye aliyemwona akisoma kivulini, na hofu yake haitaondoka kwa kuambiwa takwimu. Aende naye kwa daktari, aulize maswali yake yote mwenyewe. Na yaangalieni mambo yote mawili, kichwa na moyo. Anaweza kuwa amepona kichwa, lakini siku ya kwanza goti la mtu likimpita karibu, akaganda. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alijitoa kwenye fainali ya timu katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa sababu akili na mwili vilikuwa haviendi pamoja hewani, na mwaka 2024 huko Paris akarudi akachukua dhahabu. Mweleze hilo binti, pamoja na lile la pili, kwamba hata asingerudi angebaki binti yako yule yule.

Glavu usizitoe chini ya godoro. Usimuulize habari zake wala usimnunulie mpya. Ila siku utakayoziona zimeanikwa dirishani, mwambie tu kwamba mechi ijayo utakuwa pale, na kwamba akinyoosha mkono kuomba kutoka, utampigia makofi kwa nguvu zile zile.

Mshauri wako